Nati ya sampo inavuja na tredi zimekufa: irekebishe bila kununua sampo nyingine

Ukiamka ukakuta doa la oili chini ya gari na nati ya sampo imelowa, yaani ile bolti inayoziba tundu la kumwagia oili kwenye bakuli la oili chini ya injini, usikimbilie spana. Najua mkono unawasha. Waliolala chini ya gari hilo kabla yako nao mkono uliwawasha: wa kwanza akakaza kidogo, wa pili akaongeza kidogo, na wewe leo ndiye unayekuta tredi, ile mifereji ambayo nati hujikazia, zimekwisha.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Nina Probox ya kubebea mzigo, leo dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, kesho mifuko ya saruji. Niliipeleka kubadilisha oili kwenye gereji moja hapa mjini Mwanza. Kijana aliyenihudumia akabana nati kwa racheti, kisha akachomeka bomba kwenye mkono wa racheti akaongezea. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaona moyoni kuwa kazi imefanyika kweli kweli. Wiki ya pili nikawa natoka Sengerema. Nimeshavuka daraja la Kigongo–Busisi, nakaribia Usagara, taa nyekundu ya oili ikaanza kuwaka kila nikikata kona na kuzimika nikinyooka. Nikasogea pembeni, nikazima injini. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ikatoka kavu. Nikaingiza mkono chini: nati ilikuwepo, lakini niliizungusha kwa vidole viwili kama kizibo cha chupa ya maji.

Taa ile huwaka presha inaposhuka, yaani pampu imeshaanza kuvuta hewa badala ya oili. Ikipepesa kwenye kona, oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampo na kuuacha mdomo wa pampu mtupu. Hapo hakuna habari ya "ngoja nifike tu Buhongwa". Zima, tafuta wa kukuvuta. Mimi nilivutwa hadi Nyakato, na nikashukuru kwamba kilichokufa ni tundu la nati na si injini.

Maelezo yanayofuata nimeyaandika kwa Toyota ndogo tulizonazo wengi, zile za injini ya 1NZ kama Probox na IST, lakini akili ya kazi ni ile ile kwa gari lolote.

Hakikisha kwanza kwamba ni nati

Oili ikivuja popote kwenye injini hushuka, na nati ya sampo ndiyo bondeni. Gasketi ya tapeti kava ikichoka, filta ya oili isipokaa sawasawa, sili ya kranki ikilainika, oili yote hiyo itatambaa hadi kwenye nati na kudondokea pale. Watu wameharibu tredi nzima kabisa kwa kukaza nati ambayo haikuwa na kosa.

Subiri injini ipoe. Futa sampo yote kwa tambara, kisha osha kwa maji na sabuni ya unga hadi chuma kikauke kikiwa safi. Petroli inaosha vizuri zaidi, ila kwa injini yenye moto ni kujitafutia balaa. Paka poda ya mtoto kuzunguka nati na upande wa juu yake. Washa injini dakika kumi, zima, tazama kwa tochi. Poda ikilowa kuanzia kwenye ukingo wa nati, umempata. Mfereji ukishuka kutoka juu, fuata mfereji huo, acha nati ya watu.

Washa ya nati, kabla ya kitu kingine chochote

Uvujaji mwingi wa pale ni wa washa. Kazi ya kuzuia oili hufanywa na washa, ile pete nyembamba iliyobanwa kati ya kichwa cha nati na uso wa sampo. Tredi kazi yake ni kuivuta tu. Washa ya aluminiamu ikishabanwa mara moja imeshachukua umbo, ukiirudisha haikai tena kama mwanzo. Weka mpya kila ukibadilisha oili. Bei yake ni ndogo.

Kuna kosa moja ambalo halionekani haraka. Washa ya zamani hunata kwenye sampo, inafanana rangi na sampo yenyewe, fundi hajaiona, anaweka mpya juu yake. Sasa ziko mbili na nati inavuja. Pitisha ukucha kuzunguka tundu. Ukikwama kwenye kingo ndogo, ing'oe kwa ncha ya bisibisi taratibu bila kukwaruza uso.

Kama washa yako ni ya shaba na duka limefungwa, ipo dawa ya zamani: iweke kwenye jiko la mkaa hadi iwe nyekundu, itoe kwa koleo, itumbukize kwenye maji. Shaba hulainika kwa moto na hukubali kubanwa tena. Usijaribu kwa aluminiamu, itayeyuka ukiitazama.

Ndugu zetu wa mitumbwi, yenu ni hiyo hiyo lakini kinyume. Kwenye mashine ya boti, nati za oili ya gia zikiwa na washa mbovu, maji ya ziwa ndiyo yanayoingia. Oili ikimwagika imegeuka rangi ya chai ya maziwa, badilisha washa zote mbili, ya juu na ya chini, kisha jaza kwa tundu la chini hadi oili itokee la juu. Ukijazia juu, hewa itabaki ndani.

Kuinua gari na kumwaga

Tafuta mahali tambarare. Kwa anayeishi Bugarika au Isamilo huo tayari ni msafara, lakini gari lililoinama halimwagi oili yote, na dipstiki yake itakudanganya wakati wa kujaza. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya kila tairi linalobaki chini, inua kwa jeki, halafu simamisha gari juu ya standi za chuma. Mwanza hatuna njaa ya mawe, ndiyo maana nimeona watu wakipanga mawe chini ya gari badala ya standi. Jiwe la kuzuia tairi ni sawa. Jiwe la kubeba gari huku kichwa chako kiko chini yake, hapana. Linapasuka au linateleza bila kukuaga.

Oili iwe ya uvuguvugu, joto la chai unayoweza kunywa. Ikiwa baridi sana inabaki nzito, ikiwa ya moto sana inaunguza mkono, na sampo ya aluminiamu ikiwa na moto tredi zake huwa dhaifu zaidi kwa nati iliyokazwa kupita kiasi. Legeza kwa soketi ya 14, ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili inayokula kichwa cha nati.

Nati ikizunguka bila kutoka, chomeka bisibisi bapa nyembamba chini ya kichwa chake, ivutie nje kidogo huku unaizungusha. Tredi chache zilizobaki zitashika na kuitoa.

Oili chafu iende kwenye dumu lenye kifuniko. Wapo wanaozunguka kuinunua. Mtaro wa Mabatini unaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani, kwenye maji yale yale tunayoyavuta kuyanywa.

Soma tredi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ukikosea kusoma, utatibu mgonjwa asiye wako.

Futa nati kwa tambara kavu, ipeleke kwenye mwanga. Kama kwenye mifereji yake kumejiviringisha vitu kama waya mwembamba unaong'aa, hizo ni tredi za tundu, zimeng'oka zikaja na nati. Kama vilele vya nati yenyewe vimelala au vimekatika, nati imekufa na tundu huenda ni zima. Nunua nati mpya uijaribu kwa vidole kabla hujafikiria kingine. Nati nzima kwenye tundu zima huingia kwa vidole hadi washa iguse sampo, bila spana na bila kuyumba. Ikiingia raundi mbili ikagoma, au ikiingia yote huku ikicheza kulia na kushoto, kuna tatizo.

Halafu pima. Nati ya Toyota nyingi ndogo ni M12 × 1.25, yaani kipenyo milimita 12 na kutoka tredi moja hadi inayofuata milimita 1.25. Dukani zimejaa nati za 12 kwa 1.5, na kwa macho ni mapacha. Ya 1.5 ukiitia kwenye tundu la 1.25 itaingia raundi moja au mbili kisha itakuwa ngumu, na hapo mwenye spana anasema "hii mpya ndiyo maana inabana". Hiyo nati inachonga kaburi. Ukiwa na rula, hesabu hatua 8 za tredi: ya 1.25 itakupa milimita 10 kamili, ya 1.5 itakupa 12. Huna rula? Chukua nati ya tairi. Bolti za tairi za Toyota ndogo ni 12 kwa 1.5, kwa hiyo nati ya tairi ikiingia vizuri kwa vidole kwenye hiyo nati ya sampo uliyouziwa, irudishe dukani, si yako.

Mwisho, jua sampo ni ya nini. Vunja spika ya redio mbovu uchukue sumaku yake, iguse karibu na tundu. Ikinata, ni chuma. Tredi ziko kwenye nati iliyochomelewa ndani ya bati. Isiponata, ni aluminiamu. Chuma kinavumilia. Aluminiamu haina msamaha, na nati ya chuma ikipambana nayo, nati ndiyo inayoshinda siku zote.

Wenye bodaboda wasome hapa mara mbili. Pikipiki nyingi hazina sampo ya kuvua. Tundu lile liko kwenye mwili wa injini wenyewe, wa aluminiamu. Halafu oili inayodondoka inaweza kurushwa na upepo hadi kwenye tairi la nyuma, na tairi lenye oili kwenye mteremko wa Bugando halihitaji maelezo.

Ukikuta tredi zimeumia kidogo tu

Kama ni raundi ya kwanza tu iliyopinda na za ndani ni nzima, zisafishe kwa tapu, kifaa cha kuchongea tredi, ya M12 × 1.25. Jaza grisi kwenye mifereji ya tapu ili chenga zinate humo, iingize kwa vidole ikiwa imenyooka, na usiianze kwa spana hata siku moja. Ikishashika njia ya zamani, zungusha nusu raundi mbele, robo nyuma, hadi ipite. Toa, futa, jaribu nati mpya. Kazi ya dakika kumi.

Nati ya ovasaizi

Utaiuziwa haraka sana. Ni nati nene kidogo yenye mikato mbavuni, inajichongea tredi yenyewe ikiingia. Kwenye sampo ya chuma nimeona ikidumu. Kwenye aluminiamu siipendi: hakuna kinachoielekeza inyooke, ikiingia upande umemaliza nyama yote iliyobaki, na kichwa kilichoinama hakibani washa pande zote. Ukiamua kuitumia, basi iingie mara moja na isitoke tena. Zipo zenye nati ndogo katikati ya kichwa, unamwagia oili kwa hiyo ndogo.

Kupanua hadi M14: njia niliyoichagua

Hesabu yake ni tamu. Tundu lililokufa la M12 limeshakuwa karibu milimita 12 upana. Tapu ya M14 × 1.5 inahitaji tundu la milimita 12.5. Kwa hiyo unakula nyama kidogo sana halafu unapata tredi mpya kabisa ndani ya chuma kibichi. Na nati ya M14 × 1.5 huitafuti mbali, ndiyo nati ya sampo ya Honda, kichwa cha 17, na washa zake zipo.

Dukani muuzaji akaniuliza, "Gari gani, bosi?"

"Probox. Ila nipe nati ya Honda."

Akanitazama kwanza, akadhani natania. "Hiyo haiingii kaka, nakwambia ukweli."

"Leo itaingia."

Kabla ya kununua chochote, pima kwanza uvimbe ulioshika tundu kwa nje na ndani. Ukitoa milimita 14, ukuta unaobaki pande zote uwe walau milimita 3. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, acha njia hii. Pima pia urefu: nati mpya isiwe ndefu ikagonga kitu ndani, wala kichwa chake kisigote kwenye kona ya sampo kabla washa haijakaa.

Sasa, uvue sampo au ufanye ikiwa kwenye gari? Mzee mmoja fundi kerezo pale Nyakato, aliyenikodisha tapu, alinijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, chenga ikidondoka nje haina kesi. Ikidondoka ndani ndiyo kesi." Nikaivua. Inaongeza nusu siku, kwa sababu sampo imegandishwa kwa silikoni na inabidi uikate taratibu kwa kisu chembamba badala ya kuipiga bisibisi ikapinda ukingo. Lakini faida yake ni kwamba unafanya kazi mezani unaona, na nati inasimama wima.

Ifunge sampo ili uso wa tundu kwa nje uwe tambarare. Kama kuna drili ya kusimama kwa jirani mchomeleaji, iombe. Drili ya mkono inafaa ukiwa na mwenzako wa kukutazamia mnyooko kutoka upande wa pili. Biti ya 12.5, mwendo wa polepole, mkono usilazimishe. Biti ikivutwa na tredi za zamani inaweza kurukia ndani na kukupasulia ukingo. Dondoshea mafuta ya taa kama unakata aluminiamu, oili kama ni chuma. Aluminiamu bila mafuta ya taa hunata kwenye meno ya tapu na kuchana tredi unayoichora.

Weka tapu ya kwanza, ile yenye ncha iliyochongoka. Zungusha raundi mbili kwa kubonyeza kidogo, kisha simama. Weka skwea ndogo, kile kipimo cha pembe mraba, kando ya tapu, tazama mbele, tazama ubavuni. Kama imeinama, hapa bado unaweza kuirudisha. Raundi ya tano huwezi tena. Ikishanyooka hauhitaji kubonyeza, yenyewe inajivuta. Nusu raundi mbele, robo nyuma, uisikie chenga ikikatika, "tik". Ikikaza ghafla, rudisha nyuma, futa, ongeza mafuta. Tapu ikikatikia ndani, utakuwa na tatizo jipya gumu kuliko lile lililokuleta. Kwa kuwa tundu limepenya upande wa pili, tapu hiyo moja inatosha. Ipitishe hadi tredi ziwe kamili urefu wote.

Ukimaliza, kingo la nje la tundu litakuwa limeinuka kidogo. Liondoe kwa kuzungusha kwa mkono biti kubwa zaidi, mguso tu. Kisha weka msasa laini juu ya kipande cha kioo au bati lililonyooka na usugue uso ambao washa itakalia, kama kioo kinafika hapo. Kisipofika, futa kwa mkono kwa uangalifu. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda nje ni mfereji wa oili.

Osha sampo kwa dizeli, kisha kwa maji ya moto na sabuni, ikauke juani. Usitegemee sumaku kuokota chenga za aluminiamu.

Kipimo changu ninachokipenda kuliko vyote kinafuata. Funga nati mpya na washa yake, weka sampo juu ya gazeti, mimina mafuta ya taa hadi yafunike tundu, ondoka saa nzima. Mafuta ya taa ni mepesi, yanapita mahali ambapo oili ingesita. Gazeti likibaki kavu, hutavujiwa barabarani. Langu lililowa kidogo mara ya kwanza, nikakuta kiuzi cha aluminiamu chini ya washa.

Kama huna namna ya kuvua sampo

Inawezekana, na wengi hufanya hivyo. Acha filta ya zamani mahali pake, jaza grisi nzito kwenye biti na tapu, na uzitoe kufuta kila raundi mbili. Ukimaliza, acha tundu wazi, mimina nusu lita ya oili ya bei rahisi kwa juu ikasukume chenga nje, rudia hadi itoke safi kwenye beseni jeupe. Beseni jeupe, narudia, kwa sababu kwenye jeusi huoni kitu. Ndipo ubadilishe filta.

Helikoili, ukiipata

Hii ni springi ya chuma cha pua inayowekwa ndani ya tundu lililopanuliwa, ili urudi kwenye nati yako ya zamani ya M12 × 1.25. Ni dawa nzuri kwa aluminiamu, hasa kwa mwili wa pikipiki. Huja na biti na tapu yake maalumu. Tapu ya kawaida haifai, na ukubwa wa biti ufuate ulioandikwa kwenye boksi. Ingiza springi hadi izame robo au nusu raundi chini ya uso, maana ikichomoza itaizuia washa kukaa. Chini yake kuna kikono kidogo cha kuishikia wakati wa kuizungusha. Kikishamaliza kazi kinavunjwa. Hakikisha umekiokota mkononi. Kikibaki ndani ya sampo, umejitegea mtego mwenyewe.

Pale ambapo hakuna ujanja

Sampo iliyopasuka kuzunguka tundu haitibiki kwa tapu. Ya bati la chuma, fundi anaweza kukata nati ya ndani na kuchomelea nyingine, ikiwa imevuliwa na kuoshwa oili yote. Moto wa kuchomelea kwenye sampo yenye mvuke wa oili unaweza kulipuka. Ya aluminiamu inahitaji mashine ya kuchomelea ya ajoni, ile ya gesi, na mkono uliozoea. Mara nyingi sampo ya mtumba kutoka gari lililokatwa inakuja nafuu zaidi, ila pima nayo tundu lake kwa vidole pale pale dukani kabla hujatoa hela.

Na vitu hivi usiviweke: tepu nyeupe ya fundi bomba, ambayo vipande vyake huweza kwenda kuziba chujio la pampu, gundi ya chuma kwenye tredi, utakayoilaani siku ya kumwaga oili, silikoni iliyopakwa juu ya chuma chenye oili, ambayo haishiki. Sabuni ya kipande nayo ni ya kuzibia tanki la mafuta ukiwa porini. Kwenye sampo, joto la injini linailegeza kabla hujafika Igoma.

Kurudisha na kukaza

Kwangua silikoni ya zamani pande zote mbili, paka mpya mstari mmoja usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Rudisha sampo, kaza bolti kwa mikato, huku na huku, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kumimina oili. Usiwe na haraka hapa.

Nati sasa. Ingiza kwa vidole mpaka washa iguse. Kiasi cha kukaza ni karibu Nm 40 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), iwe nati ya Toyota au hiyo ya Honda. Ukiwa na spana ya toki, ile inayoonyesha umekaza kiasi gani, hakuna hadithi. Ukiwa huna, fikiri hivi: chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, iwazie imening'inia mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20. Uzito huo ndio Nm 40. Sasa mtu yule yule akichomeka bomba la sentimita 60 na kuvuta kwa nguvu ile ile, anakaza karibu Nm 120, na wala hajisikii amefanya kitu. Ndicho kilichoiua nati yangu. Kwa hiyo mkono mmoja, spana fupi, bila bomba. Utasikia washa ikilainika chini ya nati, kisha ikagoma. Hapo acha.

Mimina oili. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta. Anza na tatu na nusu, malizia kwa kusoma dipstiki. Washa, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Iache ingurume dakika tano, zima, subiri kidogo, soma dipstiki tena, halafu ulale chini ufute nati kwa kidole.

Usiku huo laza boksi safi chini ya gari. Tazama asubuhi, tazama tena baada ya safari ya kwanza ndefu, wakati kila kitu kimepata moto kikapoa. Ikionekana nati imelowa, rudi kwenye poda.

Kabla hujashusha gari, chukua rangi nyeupe na brashi ndogo uandike kwenye sampo, kando ya nati: M14 × 1.5, SPANA 17. Fundi atakayefuata ataijua Probox, ataingia chini na soketi ya 14 mkononi na nati mpya ya M12 mfukoni.